Baiskeli ya kukodi kutoka Malindi hadi Ziwa Jilore

Nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka tisa, kwa Black Mamba ya marehemu baba yangu, ile nyeusi nzito yenye karia ya chuma inayobeba gunia zima la mkaa. Nikikaa kitini miguu haikufika kwenye pedali, basi nilipenyeza mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya lile bomba la juu, mwili ukaning'inia upande wa kushoto, nikaenda hivyo hivyo mpaka nikajua. Wengi wa rika langu hapa Malindi walijifunza namna hiyo. Baba alipofariki baiskeli iliuzwa, nami nikakaa zaidi ya miaka ishirini bila kupanda nyingine. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu anayeipenda baiskeli toka zamani, lakini ambaye hakuwa amewahi kushika yenye gia hadi Agosti hii shule zilipofungwa.

Nafunza Gredi ya 5. Muhula mzima nilikuwa nikilipita duka hili nikienda kazini, chumba kimoja chenye mti wa mkungu mbele ya mlango, baiskeli zimening'inizwa kwenye boriti kwa kamba. Jina silitaji, maana kuna kosa nitakalolieleza hapo chini, na mwenyewe tumeshazungumza naye uso kwa uso. Nyingi ya baiskeli zake alizinunua kwa Waitaliano wenye nyumba hapa mjini walipokuwa wakirudi kwao. Zipo za milimani zenye tairi pana, zipo za kwenda sokoni zenye kikapu, na zipo tatu za barabarani, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na tairi jembamba kama kidole gumba cha mtu mzima.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba hakuanza na bei. Aliuliza, "Mwalimu, unakwenda wapi?" Nikamwambia nataka kufika Jilore, nilione ziwa, kisha Kakoneni, nirudi kabla ya magharibi. Akatikisa kichwa, akapita zile zenye tairi pana bila kuzigusa, akashusha moja ya barabarani, ya kijani iliyopauka. Akanieleza kwamba njia yote ya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki ina lami, na kwa umbali ule tairi pana lingenila nguvu bure. Ila akaniwekea sharti moja: nikitoka kwenye lami nishuke, niiongoze kwa mkono. Sharti hilo mlikumbuke.

Kisha akaanza kunipimia, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa yangu ilipokwenda na sijutii hata senti. Aliniambia nisimame kando ya baiskeli, akapandisha siti mpaka ikawa sawa na nyonga yangu. Akaiegemeza ukutani, nikapanda nikiwa nimeshika dirisha, akaniambia niweke kisigino, si kidole, juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke wote bila nyonga kuinama upande. Wangu uliinama, akashusha siti kidogo sana, labda upana wa kucha. Tukarudia, ukanyooka sawa. Hapo ndipo akasema sasa sogeza mguu, ukanyage kwa sehemu pana ya wayo, na goti likajikunja kidogo lenyewe. "Goti likinyooka kabisa utaumia nyonga, likikunjika sana utaumia goti lenyewe." Maisha yangu yote nimeona watu wakiendesha na magoti yakigonga usukani, wala sikujua kuwa lina kipimo.

Usukani ulikuwa mbali nami. Mikono ilinyooka kama ya mtu anayesukuma gari. Bila kuambiwa, alifungua ile shingo inayoushikilia usukani, akaenda kutafuta ndani ya kopo la chuma, akarudi na fupi zaidi, akaifunga. Mwisho akakaza skurubu ndogo kwenye wenzo za breki zikasogea karibu, kwa kuwa vidole vyangu ni vifupi. Nusu saa nzima ilipita, na mteja mwingine alikuwa amesimama mlangoni akisubiri. Hakuharakishwa.

Na mtandio. Wanawake wanaosoma hapa najua wanalingoja hili. Nilihofia helmeti isingekaa juu ya mtandio, au ingekaa juu juu tu kama sufuria. Alinipa moja yenye gurudumu dogo kisogoni la kulegeza na kukaza, akanishauri nije na mtandio mwembamba wa pamba, nisiweke fundo kisogoni wala pini chini ya kidevu ambako ukanda unapita. Suruali yangu ilikuwa pana, akanipa kitambaa cha kufunga mguu wa kulia, upande wa cheni. Yote hayo kwa adabu, kwa kuelekeza, bila kunigusa, na binti yake akiwa hapo hapo. Kwa siku nzima nililipa shilingi 1,500 na kuacha kitambulisho.

Nilianza safari saa kumi na mbili na robo asubuhi, mahamri manne na mbaazi tumboni, chupa mbili za maji, moja nimeitia ndimu na chumvi kidogo. Mjini hadi Ganda ni tambarare, sina la kusema isipokuwa tuktuk hawajali. Baada ya Ganda minazi inapungua, inabaki miembe na mikorosho, kisha vichaka, na barabara inaanza kupanda na kushuka.

Sisi wa Malindi hatujui vilima. Mji wetu umelala sawa na bahari. Kilima cha kwanza cha maana kilinikuta nikiwa kwenye gia nzito ya kukimbilia, nikakumbuka kubadilisha nikiwa tayari katikati ya mpando, nimekanyaga kwa nguvu zote. Cheni ikalia krr, ikasita, ikaruka. Nikashuka, nikapumua. Mwenye duka alikuwa ameniambia, "Badilisha kabla mlima haujakushika," na mimi nilisikia maneno bila kuelewa. Cheni ikiwa imevutwa kwa nguvu haiwezi kupanda jino jingine, lazima uilegezee kidogo ndipo ihame. Kilima cha pili nilianza kubadilisha nikiwa bado kwenye mteremko, miguu inazunguka nyepesi, na gia ikaingia bila sauti, tak, kama kufunga kishikizo. Nikapanda nimekaa kitini mpaka juu. Wallahi nilitamani baba angeiona. Yeye kilima kama kile angeshuka, angesukuma Mamba lake lenye meno ya aina moja tu, shati limemganda mgongoni.

Mbele kuna meno ya aina mbili, nyuma tisa. Gia ya chini kabisa ilinitosha kwa kila mpando nilioukuta hadi Kakoneni, na mimi si mtu wa mazoezi. Breki zinashika vizuri kwenye mteremko, za nyuma zina kelele kidogo. Siti ni ngumu. Baada ya saa moja na nusu niliisikia, na mwisho wa siku niliisikia sana, lakini haikunichubua. Nadhani ni kwa sababu kimo kilikuwa sahihi, sikuwa nikiteleza kushoto na kulia.

Lami yenyewe ni nzuri kwa tairi jembamba. Ukingo wake ni mwembamba mahali pengi, na magari ya watalii wa Tsavo yakija nyuma yanakuja kwa kasi, kwa hiyo nilikuwa nateremka pembeni na kusubiri yapite. Mbuzi ndio wenye barabara. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kunisukuma mgongoni kwa upande, nikajiona nina nguvu kweli kweli. Asiyejua upepo wa Agosti ajue: ukikupeleka bara asubuhi, kurudi utaudaiwa.

Ukifika Jilore, upande wa kusini uko msitu wa Arabuko-Sokoke, mirihi imesimama na vigogo vyake vyeupe vyeupe, na upande wa kaskazini nchi inaporomoka kwenda bonde la mto Sabaki. Hapo chini ndipo lilipo ziwa. Si ziwa kubwa la kutajwa kwenye mtihani. Ni maji yaliyotandazwa chini ya kilima, yanayolishwa na mto unapofurika, na miaka ya ukame hupungua mpaka ng'ombe wakatembea palipokuwa na maji. Siku ile yalikuwapo. Yangeyange walikuwa wamesimama kwenye nyasi za ukingoni kama nguo zilizoanikwa, wavulana wawili wakivua kambare kwa ndoana, na kina mama wakiteka maji mbali kidogo na mahali walipokuwa wakionyeshana kwa kidole kila mara. Viboko, nikaambiwa. Sikuwaona, lakini nilimsikia mmoja akitoa pumzi.

Toka utoto nimeyaona maji mekundu yakiingia baharini kaskazini ya mji, mpaka mawimbi ya Malindi yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Tunasema tu, "Sabaki imeshuka." Pale juu niliuona mto wenyewe, mwekundu, ukijikunja kati ya miti ya kijani, mto ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati. Na ni ng'ambo ile ya kaskazini ambayo Waingereza waliwaamuru Wagiriama waihame mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu wakatae kazi na kodi. Mimi hulifunza somo hilo darasani na ramani ya ukutani. Sikuwa nimewahi kuliona shamba lenyewe lililogombewa, lilivyo jeusi na lenye maji. Nilikaa chini ya mwembe karibu saa nzima.

Sasa kosa. La kwanza ni langu. Ili nishuke karibu zaidi na maji nilifuata kinjia cha udongo, na sikushuka kwenye baiskeli. Kilionekana laini. Kumbe pembeni kulikuwa na zizi la mbuzi lililozungushiwa matawi ya mgunga, na miiba ilikuwa imetawanyika njiani. Nikasikia pss ndefu, tairi la nyuma likakaa chini.

La pili si langu. Chini ya siti kuna kimkoba, na ndani yake nilikuta vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi na tyubu mpya iliyokunjwa vizuri. Nikashukuru Mungu. Nikatoa gurudumu, nikatoa tyubu iliyotoboka, nikaingiza mpya, na hapo nikaona. Valvu ya ile ya zamani ilikuwa nyembamba, ya shaba, ina kijinati kidogo kileleni. Valvu ya mpya ilikuwa nene, ya mpira mweusi, kama ya gari au pikipiki. Tundu la rimu limetobolewa kwa ajili ya nyembamba. Nene haipiti. Nilisukuma, nikazungusha, haipiti hata nusu. Upana wa tyubu ulikuwa sahihi, urefu sahihi, kila kitu sahihi isipokuwa hapo. Na pampu haikuwemo, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameniambia pampu ziko kila kijiji.

Ni kweli ziko. Nilisukuma baiskeli hadi barabarani, kwa vijana wa bodaboda waliokuwa chini ya kibanda cha makuti. Wana pampu nzuri ya mguu, na walitaka kwa moyo wote kunisaidia, lakini kichwa cha pampu yao ni cha valvu nene. Kikiwekwa juu ya ile nyembamba kinazunguka tu, upepo unatoka pembeni. Mmoja akasema tufunge kwa mpira, tukafunga, upepo ukatoka vile vile. Nilianza kuhesabu ni matatu gani ingekubali kunipakia na baiskeli.

Akaja mzee mmoja, mitungi minne ya maji kwenye karia, juu ya Black Mamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Mwanangu, imekuishia?" Akaegemeza baiskeli yake, akaomba beseni la maji na tyubu ya zamani. Alipuliza kwa mdomo kupitia ile valvu nyembamba, akaizamisha kipande baada ya kipande mpaka viputo vikatoka. Akapaweka alama kwa kucha. Alikuwa na kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari kikawa kama mbuzi ya kukunia nazi, akakwaruza mpira pale ukawa na vumbi, akapaka solusheni, akapaka na kwenye kiraka alichokata kutoka tyubu kuukuu, kisha akaviacha. Vijana wakamwambia, "Babu, bandika." Hakubandika. Akavipeperusha kwa kofia yake mpaka gundi ikaacha kung'aa. Ndipo akabandika, akaweka juu ya jiwe, akapigapiga kwa jiwe jingine.

Nikachukua tyubu ili niirudishe. Akanizuia kwa mkono. Akaingiza vidole ndani ya tairi, akavipitisha polepole mzunguko mzima, macho ameyafumba. Karibu na mwisho akasimama. "Huyu hapa." Ncha ya mwiba, fupi kuliko chembe ya mchele, ilikuwa imebaki ndani ya mpira. Akaing'oa kwa meno. Kama tungefunga bila kuitoa, ningetembea mita mia tu na pss nyingine.

Na pampu? Alikuwa na yake, imefungwa kwenye fremu kwa mpira, ya kizamani, ya mkono, yenye kibanio kinachouma valvu. Valvu za Mamba nazo ni nyembamba kileleni. Aliniambia nilegeze kile kijinati cha juu, akakibana kibanio, kikauma. Upepo ukaingia. Vijana wa bodaboda walinyamaza kimya. Alijaza mpaka mikono ikachoka, nikapokea nikaendelea, na ingawa haukufika ugumu wa asubuhi, ulitosha. Aliomba shilingi 50. Nilimpa zaidi, akakataa mara mbili, akapokea nilipomwambia ni ya chai ya wajukuu.

Kakoneni nilifika nimechelewa, nikala wali wa nazi na maharagwe haraka haraka, nikageuza. Kurudi kusi lilikuwa usoni. Hapo ndipo nilipouelewa ule usukani wa pembe: ukishika chini, kifua kinainama, upepo unapita juu yako. Nilienda hivyo kilomita nyingi kwa gia ndogo, kichwa chini, nikitazama kivuli changu kikirefuka mbele yangu. Simu iliniandikia kilomita 50 na ushei, kwenda na kurudi. Niliingia mjini bado robo saa adhana ya magharibi.

Mwenye duka alikuwa bado wazi. Nilimwonyesha ile tyubu ya valvu nene bila kusema neno, nikaishikilia kando ya tundu la rimu. Aliitazama, akashika kichwa. Hakunitafutia sababu, wala hakulitaja lile sharti la kushuka nikitoka kwenye lami nililolivunja, nililitaja mwenyewe. Alisema aliagiza tyubu kwa upana, hakuangalia valvu. Akafungua vimkoba vya zile baiskeli mbili nyingine papo hapo, na kimoja kilikuwa na kosa lile lile. Akanirudishia shilingi 500 ambazo sikuziomba. Kuna kidude cha shaba, kidogo kama ncha ya kalamu, kinachovalishwa juu ya valvu nyembamba ili pampu ya bodaboda ifae. Akasema ataweka kimoja katika kila kimkoba, pamoja na pampu ndogo.

Kama lingekuwa daftari la mwanafunzi wangu, kwa kupima na kufunga baiskeli ningempa zote, na kwa kimkoba ningempa sifuri, na ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: aje anione. Kwa mwanamke anayetaka kuanza, nenda bila wasiwasi. Kwa anayetaka kufika mbali kuliko Jilore, kwa mfano Langobaya, beba pampu yako mpaka uhakikishe ameweka zake, na uondoke alfajiri, si saa mbili jua limeshapanda. Bei ni ya haki.

Nimeshaweka nafasi ya Jumamosi ijayo, mimi na dada yangu, yeye ni mrefu kunishinda na itabidi apimiwe upya. Kabla hatujapanda nitafungua kile kimkoba, nitapitisha vidole ndani, na nitakitafuta kile kidude cha shaba.